Bustani ya Mjini Yenye Uhai: Namna ya Kuwasaidia Ndege, Vipepeo na Wanyama Wengine wa Asili

Ukiona majani ya bustani yako yametoboka, usikimbilie dawa. Katika matundu hayo ndimo chakula cha karibu kila mnyama unayetamani kumwona uani kinapoanzia.

Ndege wengi wadogo, hata wale ambao wakishakua hula mbegu, huwalisha makinda wao wadudu. Mdudu anayefaa kuliko wote ni kiwavi: mlaini, mnono, hana gamba gumu la kumkwama kinda kooni. Chikadii, ndege wa Amerika ya Kaskazini ambaye uzito wake haufiki gramu 15, huhitaji viwavi kati ya 6,000 na 9,000 kulea makinda wa kiota kimoja hadi waruke. Ni makadirio ambayo mtaalamu wa wadudu Douglas Tallamy wa Chuo Kikuu cha Delaware ameyaeleza kwa miaka mingi. Bustani isiyo na viwavi haiwezi kulea kinda, hata ukitundika vibanda vya ndege kwenye kila mti.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia chini kwenda juu: mmea kwanza, kisha mdudu, kisha anayemla mdudu. Ukubwa wa eneo usikutie unyonge. Mwenye ua mpana atafanya mengi, mwenye kibaraza chenye vyungu vinne atafanya machache, na hayo machache yana walaji wake.

Hatua ya 1: Tazama kwanza

Kabla ya kununua mche au kung'oa chochote, ifahamu bustani uliyonayo. Izungukie asubuhi jua linapoanza kuchoma, izungukie mchana, halafu toka usiku na tochi. Usiku ndio wengi husahau, na ndio wenye habari nyingi zaidi: nondo kwenye maua meupe, vyura, konokono, buibui wanaosuka tando upya, viwavi ambao mchana kutwa wamejificha. Geuza majani taratibu uangalie upande wa chini, maana ndiko vipepeo wengi hutaga.

Jani likiwa na duara safi lililokatwa ukingoni, kana kwamba mtu amepitisha mkasi, ujue amepita nyuki mkata-majani. Jike hukata kipande hicho kwa taya, hukikunja chini ya tumbo, huruka nacho mpaka kwenye kitundu chake, na humo hukitumia kujenga kijichumba cha yai moja pamoja na chavua ya kumlisha mtoto atakayeanguliwa. Jani lenyewe hali, na mmea haupati madhara yoyote ya maana.

Andika unachokiona pamoja na tarehe. Daftari la namna hii lina thamani kuliko linavyoonekana. Jennifer Owen, mwanabiolojia wa Leicester, Uingereza, aliorodhesha viumbe wa bustani yake mwenyewe kuanzia 1972 hadi 2001, bustani ya nyumba ya kawaida ya mjini yenye maua, mboga na nyasi. Alipomaliza alikuwa na spishi 2,673, na karibu 2,000 kati ya hizo zilikuwa wadudu. Kama majina yanakushinda, piga picha uiweke kwenye programu ya iNaturalist. Itakupendekezea jina, kisha watu wanaolifahamu kundi hilo watalithibitisha au kulisahihisha.

Hatua ya 2: Jua mmea upi ni wa hapo ulipo

Mmea wa asili ni ule uliokuwa ukiota mahali hapo wenyewe, bila kuletwa na watu kutoka mbali. Umuhimu wake uko ndani ya jani. Mimea hujikinga kwa kemikali, na wadudu wengi wanaokula majani wamezoea, kwa maelfu ya miaka, kuhimili kemikali za jamii fulani tu za mimea. Mpe mdudu huyo jani la mmea uliotoka bara jingine, naye atakufa njaa juu yake.

Kipepeo anayeitwa monaki anaonyesha jambo hili waziwazi. Akiwa mkubwa hunywa mbochi, ule utamu wa maua, kwenye maua ya kila aina. Lakini kiwavi wake hula mimea ya jenasi (kundi la spishi zenye undugu) iitwayo Asclepias, ile yenye utomvu mweupe kama maziwa, na jamaa zake wa karibu, basi. Bustani iliyojaa maua mazuri bila mmea wa kiwavi humpa kipepeo kinywaji na kumnyima uzazi. Mikuyu nayo ina hadithi yake: jenasi yao, Ficus, ina spishi zaidi ya 700, na kwa kawaida kila spishi huchavushwa na nyigu wake maalumu, mdogo kuliko punje ya mchele. Mkuyu uliopandwa mahali ambapo nyigu wake hayupo hautoi mbegu zinazoota.

Ili kujua mmea unatoka wapi, tafuta kwanza jina lake la kisayansi, kwa sababu majina ya mitaani hubeba mimea mitatu minne kwa mara moja. Kisha liandike kwenye tovuti ya Plants of the World Online ya bustani ya mimea ya Kew, London. Hutumii fedha yoyote, na ramani itakuonyesha ni wapi mmea ni wa asili na ni wapi uliletwa. Usiishie kwenye nchi. Mmea wa pwani si wa asili nyanda za juu, hata kama bendera ni moja. Makumbusho ya mimea, idara za botania vyuoni na maofisa wa misitu huwa na orodha za eneo dogo zaidi, nao hufurahi kuulizwa kuliko watu wanavyodhani.

Nunua miche kwenye kitalu kinachoweza kukwambia mbegu zilitoka wapi. Usiende kuing'oa msituni. Hapo unahamisha umaskini tu.

Lantana camara inastahili onyo la peke yake. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Ilipelekwa Afrika, Asia na Australia kama ua la urembo, ikatoroka bustanini kwa sababu ndege hula matunda yake na kuzisambaza mbegu. Vipepeo huijaa kweli, na ndiyo maana watu hudhani inawasaidia. Nje ya ukuta wako inafunika malisho na kingo za misitu, inazima mimea ambayo viwavi wa vipepeo hao hao wanaihitaji. Ukiamua kuitoa, itoe kwa vipande, ukijaza kila pengo na kichaka cha asili. Ukifyeka yote siku moja, unawabomolea nyumba wote wanaolala humo kabla ya kuwajengea nyingine.

Je, ni lazima kila mmea uwe wa asili? Hapana. Utafiti uliofanywa kwenye nyua za makazi ya Washington, D.C. na kuchapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia chikadii na kukuta kwamba idadi yao ilijimudu pale tu ambapo mimea ya asili ilifika angalau asilimia 70 ya wingi wa mimea yote. Ndege wa kwenu wana kizingiti chao, lakini mimi naichukulia 70 kama shabaha nzuri. Asilimia 30 inayobaki inatosha kwa mwaridi wako, viungo vya jikoni na mti wa matunda.

Hatua ya 3: Panda kwa tabaka

Kama una nafasi ya kitu kimoja tu, panda mti wa asili. Mti mmoja una majani mengi kuliko kitalu kizima cha maua, na majani ndiyo malisho. Chini yake weka vichaka, kisha mimea ya kutambaa, kisha nyasi na mimea mifupi inayofunika udongo. Kila tabaka lina wenyewe: kuna ndege anayelala juu kileleni asiyeshuka, na kuna anayekwaruza chini tu. Kichaka kimoja cha miiba, kilichoachwa kisongamane, ni kiota salama kuliko kibanda chochote cha dukani.

Maua yapande kwa mafungu, mimea kadhaa ya aina moja pamoja, ili nyuki asipoteze nguvu akitafuta ua linalofanana na lile alilotoka. Chagua maua ya petali za kawaida yanayoonyesha chavua yake wazi. Yale yaliyozalishwa yawe na petali nyingi zilizojazana mara nyingi hayana chavua wala mbochi, au petali zimeziba njia ya kuufikia.

Chora miezi 12 kwenye karatasi na uandike nini kinachanua lini. Utaona pengo. Kwa kawaida liko kwenye miezi mikavu au ya baridi, na mmea mmoja unaochanua katika pengo hilo una faida kuliko mitano inayochanua pamoja na mingine yote.

Miche midogo hushika haraka kuliko mikubwa na bei yake ni nafuu. Ipande msimu wa unyevu unapoanza, imwagilie vizuri kipindi cha kwanza, kisha punguza. Pima umbali kutoka ukutani, kwenye mabomba na nyaya za umeme kabla ya kuchimba. Mikuyu hasa ina mizizi isiyoheshimu msingi wa nyumba. Kwenye kibaraza, chungu kipana chenye mmea mmoja wa viwavi na miwili ya mbochi kinatosha kuleta vipepeo ghorofani.

Hatua ya 4: Weka ufagio chini

Usafi wa bustani umewaua viumbe wengi kuliko tunavyopenda kukubali. Viwavi wengi wakishashiba juu ya mti hushuka chini na kugeuka mabuu-bubu, hatua ya kutulia kabla ya kuota mbawa, ndani ya majani makavu au kwenye udongo mlaini. Ukifagia na kuchoma moto kila jioni, unachoma vipepeo na nondo wa msimu ujao.

Acha majani chini ya miti na vichaka, unene wa sentimita 5 hadi 10, bila kuyarundika kwenye shina. Baada ya miezi michache inua tabaka la juu. Majani yaliyo chini yake yatakuwa meusi na yenye unyevu, yamebaki mishipa tu kama wavu, yakipitiwa na nyuzi nyeupe za kuvu, na kati yake utaona jongoo, minyoo, buibui wadogo wanaokimbia mwanga. Hapo ndipo chura na ndege wa kukwaruza wanapokula. Rudisha ulivyokuta.

Weka pia gogo au mawili kivulini, nusu yakiwa yamefukiwa, yaoze polepole kwa ajili ya mbawakawa. Wanaoogopa nyoka wana haki ya kuuliza. Lundo la magogo liweke mbali na mlango na njia ya watoto, na hakikisha takataka za chakula hazilali nje, kwa sababu nyoka wengi wanaoingia kwenye makazi hufuata panya.

Nyasi zibaki pale unapokanyaga au watoto wanapocheza. Kwingine ziache zirefuke zitoe maua na mbegu. Unapofyeka, anzia katikati uelekee pembeni ili vyura na mijusi wapate pa kukimbilia. Nakushauri uache ukanda mwembamba uliokatwa vizuri kandokando ya njia. Jirani akiuona anajua kwamba sehemu ndefu umeiacha kwa makusudi, na malalamiko hupungua sana.

Hatua ya 5: Weka maji, lakini si kwa mbu

Beseni pana la kina cha sentimita 3 hadi 5, lenye uso wa kukwaruza na jiwe katikati, linawatosha ndege kuoga na nyuki kunywa. Liweke karibu na kichaka cha kukimbilia, ila si ndani yake, paka asipate pa kuvizia. Mwaga maji na ulisugue kila baada ya siku 2 au 3. Mbu wa Aedes, wanaoeneza homa ya dengi, hupenda vyombo vidogo kama hivyo, na kutoka yai hadi mbu arukaye ni kama siku 7 hadi 10 kwenye joto. Visahani vya chini ya vyungu navyo vimwage.

Bwawa dogo ni habari nyingine, na ndilo jambo moja litakaloleta viumbe wengi kwa haraka. Chimba upande mmoja uwe na mteremko wa taratibu ili kila anayeingia aweze kutoka. Tumia maji ya mvua, au acha ya bomba yakae siku kadhaa klorini ipungue. Weka mimea ya majini ya asili. Usiweke samaki wa mapambo: watakula mayai ya vyura na watoto wa kereng'ende, ambao ndio walaji wa viluwiluwi vya mbu. Wala usibebe vyura kutoka kwingine. Wakipapenda watakuja wenyewe, na kuwahamisha kunaweza kusambaza magonjwa. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo, funika bwawa kwa wavu wa chuma ulio imara au uahirishe kabisa. Maji ya kina cha kiganja yanatosha kumzamisha.

Hatua ya 6: Acha sumu

Hapa ndipo ninapoomba subira kuliko kwingine kote. Chukua mfano wa vidukari, wale wadudu wadogo wanaojazana kwenye ncha changa. Kwa sehemu kubwa ya msimu majike yao huzaa bila dume, tena watoto walio hai, na katika joto watoto hao nao wanazaa ndani ya siku chache. Wanaowala, yaani mbawakawa wadogo wenye madoa, mabuu ya nzi wa maua, nyigu wadogo wanaotaga ndani ya miili yao, huongezeka taratibu zaidi na hufika nyuma. Ukipuliza dawa leo, unawaua wote. Vidukari waliosalia wanajaza mmea tena upesi, safari hii bila adui. Utapuliza tena, na tena.

Badala yake, wapige vidukari kwa maji ya mpira wa bustani, kata ncha iliyozidiwa, halafu subiri wiki mbili. Mmea wenye afya huvumilia. Ukiona kidukari amevimba na kuwa rangi ya kahawia, hasogei, ujue nyigu ameshataga ndani yake: msaada umefika.

Kwenye kitalu, uliza kama miche imetiwa viuatilifu vya kundi la neonikotinoidi. Sumu hiyo hupanda ndani ya mmea mzima hadi kwenye chavua na mbochi, kwa hiyo mche uliouita "wa nyuki" unaweza kuwa ndio unaowadhuru. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kutumia tatu kati yake, imidaklopridi, klothianidini na thiamethoksamu, kwenye mimea ya nje.

Sumu ya panya nayo iache. Zile za kuzuia damu kuganda haziui siku hiyo hiyo; panya hutembea siku kadhaa akiwa dhaifu, na aliye dhaifu ndiye wa kwanza kukamatwa na bundi. Sumu inahamia kwa bundi, ambaye angekula panya wengi kuliko mtego wako. Tumia mtego wa kubana, uuweke ndani ya boksi lenye tundu dogo ili ndege asinaswe.

Hatua ya 7: Mahali pa kutaga

Dunia ina spishi zaidi ya 20,000 za nyuki, na wengi hawana mzinga wala malkia. Kila jike hujitafutia, na wengi wao huchimba udongoni. Kwa hiyo jambo jema kuliko vibanda vya nyuki vya kuning'iniza ni kipande cha udongo mtupu, chenye jua, kisichotuamisha maji, usichokilima wala kukitandaza matandazo. Ukitaka kibanda pia, toboa gogo kavu matundu ya milimita 3 hadi 10, marefu kiasi cha sentimita 15, laini ndani, yaliyoziba nyuma. Kifanye kidogo. Vikubwa hukusanya vimelea na kuvu, na usipobadilisha gogo baada ya misimu miwili hivi huwa mtego.

Vibanda vya ndege vinawafaa wale wanaotaga kwenye matundu ya miti tu. Tundu liwe la kipimo cha ndege wa kwenu, kusiwe na kijiti cha kutulia mbele yake kwa kuwa kinamsaidia mwizi wa mayai, na mlango usielekee jua la mchana. Kundi la nyuki wa asali likihamia ukutani, usilimwagie chochote. Mwite mfugaji nyuki alihamishe.

Hatua ya 8: Ondoa mitego ya nyumbani

Taa za nje huvuta nondo na kuwazungusha hadi wachoke. Zima zisizo na kazi. Zinazobaki zielekeze chini, ziwe za rangi ya joto, yaani manjano-manjano (Kelvini 2,700 au pungufu), na ziwake mtu anapopita tu.

Vioo ni hatari kubwa zaidi. Nchini Marekani pekee, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yanasema ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 hufa kila mwaka kwa kugonga majengo, na wengi hugonga vioo vya majengo mafupi na nyumba za watu. Picha moja ya mwewe katikati ya dirisha haisaidii. Weka nukta au mistari upande wa nje wa kioo, nafasi kati yake isizidi sentimita 5, kioo kizima.

Paka alale ndani, hasa usiku na alfajiri, na makinda wanapoanza kutoka viotani abaki ndani hata mchana. Ukikuta kinda mwenye manyoya anarukaruka chini, mara nyingi hajapotea. Wazazi wako karibu wanamlisha. Mfungie paka na mbwa, usogee mbali.

Hatua ya 9: Fungua mpaka

Bustani moja ni ndogo mno kwa wanyama wengi. Zungumza na jirani mkubaliane tundu dogo chini ya ukuta au uzio. Uingereza, wanaowasaidia kalunguyeye hukata la sentimita 13 kwa 13, na kipimo hicho kinawapitisha vyura na mijusi pia huku kikimzuia mbwa mkubwa. Mpe miche iliyojiotea kwako. Miti yenu miwili matawi yakigusana juu ya ukuta, msiyakate bila sababu, kwa kuwa hiyo ni njia ya wale wasiopenda kushuka chini.

Usitarajie kila kitu mwaka wa kwanza. Wadudu na buibui huja ndani ya miezi. Ndege wa kuzalia hapo huweza kuchukua misimu kadhaa, mpaka vichaka vifikie kimo cha kuficha kiota. Kila baada ya miezi mitatu fungua daftari, linganisha na karatasi ya maua, na uamue kitu kimoja cha kuongeza msimu wa kupanda utakapofika. Kupogoa kufanye wakati hakuna mnyama anayezaa, na kabla ya kukata tawi lolote lipekue kwanza kwa macho na mkono.